Ghorofa Zapanda, Kampuni Zabaki Chini

Ukipita Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kwa Barabara ya Jogoo au kwa Outer Ring, ukaingia Umoja, Kayole au Pipeline, inua macho utazame juu ya paa. Nyumba nyingi utaona vyuma vya nguzo vimechomoza juu ya slabu ya mwisho, vimeshika kutu, vinangoja ghorofa nyingine siku pesa zitakapopatikana. Jumba hilo aghalabu ni la familia moja. Baba au mama alipata ploti, akaanza na vyumba vinne vya mabati, akaja akaweka mawe, watoto wakaongeza ghorofa ya pili, ya tatu, ya saba. Lakini ukiuliza ni kampuni gani iliyojenga, hutatajiwa jina. Utaambiwa ni mzee fulani, au ni kina fulani. Miaka 40 na zaidi familia za Eastlands zimekuwa zikijenga na kupangisha, na pesa zilizopita mikononi mwao haziwezi kuwa haba. Kwa nini basi familia chache mno kati ya hizo zimezaa kampuni ya ujenzi yenye ofisi, vitabu vya hesabu, wahandisi wa kuajiriwa na kazi nje ya ploti yake yenyewe?

Jibu ambalo husemwa haraka ni kwamba Mwafrika hajui biashara ya pamoja, au kwamba watoto hula walichoacha wazazi. Silikubali jibu hilo, na leo nitaeleza sababu. Hoja yangu ni kwamba kampuni ya ujenzi ya familia haijawahi kukua Nairobi kwa jasho la familia peke yake. Imekua pale umma ulipotangulia: ardhi ikapimwa, hatimiliki ikatolewa, bomba la majitaka likalazwa, na mkopo wa miaka mingi ukapatikana. Pale umma ulipojiondoa, familia iliendelea kujenga, tena kwa bidii kubwa, ila ilikuwa na njia moja tu ya kwenda, nayo ni juu.

Tuanze na familia iliyokua. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa yapata 1890, na kazi iliyomtajirisha ni kandarasi za Reli ya Uganda: kuleta vibarua kutoka Bara Hindi, kuwalisha, kuvunja mawe, kujenga stesheni. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 alikuwa tayari na mtaji, mafundi na sifa. Alijenga soko la mji mwaka 1904, akajenga maduka na nyumba ambazo serikali yenyewe ilizikodi kwa ofisi zake, na bustani ile yenye jina lake katikati ya jiji aliwapa wakazi mwaka 1906. Tazama mambo mawili katika kupanda kwake. Alipewa ardhi kwa hati inayotambuliwa na mahakama na benki, na mpangaji wake mkubwa alikuwa dola, isiyohama usiku na deni. Bidii alikuwa nayo, hakuna anayebisha. Lakini bidii yake ilisimama juu ya msingi uliomwagwa na wengine, na hata hivyo alipofariki mwaka 1936 sehemu kubwa ya mali ile ilikuwa imekwisha kupukutika.

Baada yake zilikuja familia za Kutch, kutoka Gujarat, ambazo leo majina yao yamo kwenye vibao vya maeneo mengi ya ujenzi nchini. Wazee wao walikuja wakiwa waashi na maseremala. Walikua kwa kandarasi za shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi wa serikali, kazi baada ya kazi, huku binamu mwenye duka la vifaa akimwamini binamu mwenye kandarasi kwa simiti ya miezi mitatu. Mtoto wa fundi akapelekwa kusoma uhandisi. Watu husifu umoja wa familia hizo, nami nausifu, lakini bila mteja anayelipa kwa hati za kazi iliyokamilika, na bila nyumba yenye hatimiliki ya kuwekwa dhamana benki, umoja huo ungekuwa wa kuzikana na kuozana tu.

Sasa linganisha na mashariki mwa reli wakati huohuo. Mwafrika wa Nairobi alichukuliwa kuwa mgeni wa muda katika mji. Hata hivyo alijenga. Pumwani, iliyoanzishwa na halmashauri ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa na nyumba zilizojengwa na wenyeji wenyewe, za udongo na paa la madebe, vyumba vikipangishwa kimoja kimoja, na si wachache kati ya wenye nyumba hizo walikuwa wanawake waliodunduliza senti zao. Mwanahistoria Luise White ameandika juu yao kwa kina. Hao ni miongoni mwa wajenzi-wapangishaji wa kwanza Waafrika katika Eastlands, na walikuwa hodari wa hesabu kuliko tunavyowapa sifa. Lakini kiwanja kilibaki cha halmashauri. Nyumba ilikuwa yako, ardhi chini yake haikuwa yako, na hakuna benki iliyopokea ukuta wa udongo usio na ardhi. Pangani ya zamani, ambako wenzao walijenga vilevile, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Kisha zikaja nyumba za halmashauri na za reli: Kaloleni, Ziwani, Makongeni, Bahati, na baada ya hapo mitaa iliyopewa majina ya madiwani waliouawa wakati wa hali ya hatari, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa. Zilijengwa vizuri, na nyingi bado zimesimama. Ila Mwafrika alikuwa ndani yake kama mpangaji, au kwenye mjengo kama kibarua. Vizazi viwili vya mafundi hodari vilipita bila wengi wao kuwa na kipande cha ardhi cha kuanzia.

Kuanzia miaka ya 1970 mambo yalibadilika, na kipindi hicho kifupi ndicho ushahidi wangu mkubwa. Mwaka 1975 serikali na Benki ya Dunia zilitia sahihi mradi wa Dandora: ploti 6,000 zilizopimwa, kila moja na maji, choo na bafu vimekwisha kujengwa, mwenyewe akabakiwa na kazi ya kuinua vyumba kwa mkopo wa vifaa. Umoja ikajengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani. Na Buruburu, kuanzia 1973, ikaenda awamu baada ya awamu hadi nyumba zikakaribia 5,000, kwa pesa za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola na mikopo ya nyumba kupitia Housing Finance, kampuni iliyoanzishwa 1965. Waliochora ni Mutiso Menezes, ofisi iliyoongozwa na David Mutiso, msanifu majengo Mwafrika wa kwanza nchini, pamoja na Braz Menezes. Nenda Buruburu leo, utazame namna nyumba zilivyopangwa kuzunguka uwanja, kila moja na ukuta wake na mti wake, ingawa maduka na bedsita zimeingia mbele na nyuma. Jambo la kuzingatia kwa hoja yetu ni kwamba kazi ile iligawanywa katika vipande. Palikuwa na kandarasi, na chini yake kandarasi ndogondogo za mabomba, rangi, milango, paa. Mtu mwenye lori moja na mafundi kumi aliweza kupata kipande, akalipwa kwa wakati, akapata kingine awamu iliyofuata. Hivyo ndivyo kampuni huzaliwa.

Mwaka 1983 serikali ilivunja Baraza la Jiji na kuweka tume, iliyotawala jiji hadi 1992. Muongo huohuo masharti ya wakopeshaji wa nje yalikaza matumizi ya serikali. Ujenzi wa nyumba za umma ukafifia mpaka ukawa kama umekoma, na mabomba ya majitaka hayakufuata mji ulikokwenda. Watu, lakini, waliendelea kuja. Hapo familia zenye ploti za Dandora, Kayole na Umoja zikashika kazi ambayo baraza liliiacha. Umoja Innercore, sehemu iliyopangwa kwa nyumba ndogo za kuongezwa chumba kimoja kimoja, ikageuka msitu wa ghorofa. Mtafiti Marie Huchzermeyer alitoa kitabu mwaka 2011 akizilinganisha nyumba hizi na zile za wafanyakazi wa Berlin ya karne ya 19, naye hakuwadharau wajenzi wake. Pipeline ikafuata, kwa kimo kikubwa zaidi na nafasi ndogo zaidi. Ukisimama ndani ya korido ya Pipeline saa saba mchana unahitaji taa. Vyumba vinatazamana pande zote mbili, kila kimoja takriban futi kumi kwa kumi, nguo zimeanikwa kwenye kishimo cha katikati ambacho ndicho dirisha la wote, na maji hupandishwa kwa mtungi kwenye ngazi, kwani lifti hakuna.

Twende sasa kwenye pesa, maana huko ndiko mambo mengi yanakofichika. Familia yenye hatimiliki safi huweza kukopa, ijapokuwa kwa riba iliyofika wastani wa karibu asilimia 17 mwishoni mwa mwaka 2024. Isiyo na hatimiliki, kama ilivyokuwa kwa miongo mingi kwa waliouziwa hisa za kampuni ya ardhi ya Embakasi Ranching huko Njiru na Ruai, haina pa kukopa isipokuwa chama, sako, marupurupu ya kustaafu na kodi ya wapangaji wa chini. Hivyo jumba hujengwa kwa mfuko. Siku ya slabu ndiyo siku ya kuona hesabu hii kwa macho. Alfajiri vijana thelathini wamepanga foleni na makarai, mchanga na kokoto vimemwagwa barabarani, simiti inakorogwa kwa sepetu kwa sababu mashine ya kukodi inakula faida, na nyapara anapiga kelele kazi iishe kabla ya mvua, kwa kuwa pesa ya siku ya pili haipo. Baada ya hapo kimya cha miezi sita au mwaka. Wapangaji wanaingia ghorofa ya kwanza na ya pili huku ya tatu haina ukuta. Kodi yao inanunua mawe ya Njiru ya ghorofa inayofuata. Ni werevu mkubwa, na ni hatari kubwa, kwa sababu msingi ulichimbwa wakati familia ilikuwa na pesa za msingi wa ghorofa tatu, na pesa za ghorofa ya saba zilipokuja, msingi haukuweza kurudiwa.

Gharama ya hesabu hiyo tumeizika mara nyingi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jumba liliporomoka Huruma, kando ya mto, baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Jumba lile lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Mwaka uliofuata jingine likaanguka Kware, Embakasi. Tarehe 6 Desemba 2019 likaanguka la Tassia. Baada ya kila msiba tumesikia neno moja, tamaa ya mwenye nyumba. Tamaa ipo, na anayejua ukuta umepasuka akaendelea kupokea kodi anastahili mkono wa sheria pasipo huruma. Lakini tamaa iko Westlands na Kilimani pia, na huko majumba marefu zaidi yamesimama. Tofauti ni kwamba huko jengo hukopewa lote kwa mara moja, na mkopeshaji hataki kupoteza pesa zake, kwa hiyo humtuma mhandisi kabla ya kutoa kila awamu ya mkopo. Ukaguzi umefungwa ndani ya pesa. Kwenye ploti ya Kayole mkaguzi ni mtumishi wa kaunti, ana mitaa mingi na pikipiki moja, na akifika hukuta lango limefungwa.

Kujenga kwa mfuko kunaacha kovu jingine lisilopigwa picha, nalo ndilo linalozuia kampuni kuzaliwa. Tangu sheria ya mwaka 2011, mwanakandarasi lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, katika ngazi nane. Ngazi ya nane, ya chini kabisa, haimruhusu kuchukua kazi ya jengo inayozidi shilingi milioni 20. Kupanda ngazi kunataka ushahidi: kazi ulizofanya, wataalamu ulio nao, hesabu zilizokaguliwa. Familia iliyoinua ghorofa saba kwa miaka kumi na miwili imefanya kazi ya mamilioni mengi, lakini mara nyingi haina karatasi moja ya kuithibitisha. Fundi alilipwa mkononi Jumamosi, simiti ilinunuliwa mifuko ishirini ishirini, mchoro ulikuwa wa ghorofa nne. Ujuzi wote huo upo kwenye kichwa cha baba na cha fundi wake, na siku wanapoondoka unaondoka nao. Hata kodi ya mapato ya nyumba haisaidii. Tangu Januari 2024 mwenye kupangisha anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, gharama hazitolewi. Ni rahisi kwake na ni rahisi kwa mkusanyaji ushuru, na sina ugomvi na urahisi. Lakini aliyebuni utaratibu huo alimwondolea mwenye nyumba sababu ya kila siku ya kuweka vitabu, na bila vitabu hakuna benki itakayomtazama kama kampuni.

Na tena urithi. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 inawapa watoto wote haki, wa kike na wa kiume, jambo jema na la haki. Lakini jumba la ghorofa halikatiki kwa panga kama shamba. Mzee akifa, watoto sita hugawana ghorofa: huyu apokee kodi ya ghorofa ya pili, yule ya ghorofa ya tano. Nani atengeneze tangi la maji la juu? Nani alipe kupaka rangi ngazi? Kesi huingia kortini, keateka, yaani mtunza jumba, hubaki ndiye serikali, na pale ambapo kizazi cha pili kingeanzisha kampuni, kizazi cha pili kinashtakiana. Kampuni ya hisa ingetatua hilo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa hisa hugawanyika na jengo likabaki zima chini ya mkono mmoja. Kadhalika Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaruhusu kila nyumba ndani ya jumba kupata hati yake, hivyo familia yaweza kuuza nyumba kumi, ikabaki na kumi, na pesa zile zikaanza mjengo mwingine kwa mpango. Ila sheria hiyo inataka jambo lilelile la awali: ardhi iliyopimwa, yenye hati isiyo na mgogoro, na jengo lililoidhinishwa. Tunarudi palepale.

Kuna wasemao: wacha kulalamika, hizo familia ndizo zimeusitiri mji. Nakubali bila kusita. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na kaya tisa kati ya kumi ni za wapangaji. Serikali haikuwajengea. Mikopo ya nyumba nchini kote ni takriban 30,000 tu, idadi ambayo haiwezi kujaza hata Pipeline. Aliyempa kibarua wa Viwandani chumba cha kulala karibu na kazi yake ni mjane wa Kayole mwenye ploti moja na chama cha akina mama. Tunamdai shukrani. Lakini kumshukuru hakutuzuii kuona kwamba tulimwachia mzigo wa dola bila kumpa zana za dola. Anayesema mambo yaachwe kama yalivyo kwa sababu watu wamepata pa kulala, anamwambia mjane huyo abebe hatari yote peke yake, na akikosea aitwe muuaji.

Pingamizi zito zaidi linatoka Eastleigh. Hapo, wataniambia, hoja yako inavunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia za Kisomali, nyingi zikiwa zimekimbia vita, zilianza kuuza bidhaa ndani ya vyumba vya Garissa Lodge, na kutoka hapo zikainua majumba ya biashara yanayovuta wateja kutoka Kampala hadi Lubumbashi. Barabara ilikuwa bwawa, majitaka yakitiririka nje, baraza halikujali. Walifanya kwa ayuuto, yaani kuchangiana kwa zamu, kwa ubia wa ukoo, na kwa pesa ya goodwill ambayo mwenye duka hulipa kwa mkupuo kabla duka halijakamilika. Mtafiti Neil Carrier ameeleza mfumo huo vizuri. Je, si ushahidi kwamba familia inaweza kukua bila umma?

Nimelipima pingamizi hili mara nyingi na naona linaiunga hoja yangu mkono. Kwanza, Eastleigh haikuwa ardhi tupu. Ilikatwa viwanja mwanzoni mwa karne ya 20, vikapimwa, barabara zikachorwa pana na kunyooka, na wenye viwanja wa Kihindi walikuwa na hati walizoweza kuwauzia wengine. Familia iliyonunua pale ilinunua kazi ya upimaji iliyofanywa na umma zaidi ya nusu karne kabla. Pili, goodwill ile ni mkopo wa muda mrefu kwa jina jingine: wapangaji mia wakilipa mbele, jengo linapata pesa zake zote pamoja, na mjenzi aweza kuajiri mhandisi na kumaliza kwa mwaka mmoja badala ya kumi na miwili. Hilo laweza kufanyika kwa maduka yenye faida kubwa. Haliwezi kufanyika kwa chumba kimoja cha kibarua ambaye kodi ya mwezi mmoja na dipoziti vinamtoa jasho. Na barabara ya First Avenue ilipotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, majumba mapya yaliongezeka kasi. Wafanyabiashara wa Eastleigh walikuwa wamelilia barabara hiyo kwa miaka, wakiandamana na kugoma kulipa ada za baraza. Hawakuwahi kudai kwamba hawauhitaji umma.

Siku hizi jibu la serikali ni Mpango wa Nyumba za Bei Nafuu. Sheria ya Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Pesa hizo ni nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu Buruburu umma umerudi kwenye ujenzi Eastlands kwa nguvu. Nafurahia kurudi huko. Lakini tuangalie unavyorudi. Kandarasi hutolewa kwa majengo mazima, mamia ya nyumba kwa mara moja, kwa kampuni zinazoweza kusubiri malipo na kukodi kreni za minara. Mafundi wa jua kali wametengewa milango na madirisha, na wale wa Kamukunji na Gikomba wanaoona oda hizo wana haki ya kushangilia. Hata hivyo mlango si ngazi ya kupandia. Fundi anayetengeneza milango elfu moja atabaki mtengeneza milango, kama hakuna njia ya yeye na ndugu zake kupewa jengo dogo la ghorofa nne, wakalisimamia kutoka msingi hadi rangi chini ya mhandisi wa mradi, wakalipwa kwa wakati na kuondoka na hati ya kazi iliyokamilika. Kugawanya kazi hivyo kunaongeza usumbufu kwa wasimamizi, najua, na tarehe ya ufunguzi hutishia kusogea. Lakini tozo inakatwa kwenye mshahara wa kila mtu, na sioni kwa nini faida ya ujuzi wake ijilimbikize kwa kampuni chache ambazo tayari zimekua.

Wengine wataogopa kwamba nataka Dandora irudi, kila mtu apewe ploti na mji utambae hadi Machakos. Sivyo. Ardhi ya leo ni ghali na lazima tujenge kwenda juu. Ninachotaka kurudi ni mpangilio wa hatua: bomba kabla ya ukuta, hati kabla ya msingi, mkopo wa jengo zima kabla ya mpangaji wa kwanza. Familia ndizo zitakazojenga, kama zilivyojenga siku zote. Zikipewa mpangilio huo, baadhi zitakua zikawa kampuni, nyingine zitabaki wapangishaji wadogo wenye jumba imara, na zote mbili ni habari njema.

Na nafasi ya kulifanya hili bado ipo, upande wa mashariki zaidi, Njiru na Ruai. Huko viwanja vinakatwa wiki hii tunayozungumza, vibao vya kuuza ploti vimejaa kando ya Barabara ya Kangundo, na nyumba za kwanza za ghorofa zimeanza kuchomoza katikati ya mahame. Mitambo mikuu ya kusafisha majitaka ya Nairobi iko hukohuko Ruai. Uchafu wa jiji, kutoka nyumba za matajiri na za maskini, unasafiri hadi hapo kwa mabomba makubwa yanayopita chini ya mitaa, huku familia nyingi zinazojenga juu yake zikichimba mashimo ya choo. Kuunganisha viwanja hivyo na mabomba hayo kabla ghorofa ya tatu haijawekwa ni kazi ya Kaunti ya Nairobi na ya kampuni yake ya maji, na gharama yake leo ni ndogo kuliko itakavyokuwa barabara zikishazibwa na nguzo za watu. Wawakilishi wa wadi za Njiru na Ruai, ambao kila mwaka huketi kupitisha bajeti ya kaunti, waulizwe na wapiga kura wao ni mita ngapi za bomba la majitaka zimo ndani ya bajeti hiyo, na zitalazwa mtaa gani kwanza.